Chumba cha Mtu Mmoja

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Mwanaidi, na kwenye hitma yake, sahani ya pilau ikiwa bado mkononi mwangu, mama mmoja nisiyemfahamu alinishika bega akaniambia, "Pole, Somoe. Sasa ndiyo utakuwa mpweke kabisa." Nikamshukuru, maana msibani mtu hushukuru hata kwa asichokitaka. Lakini njia nzima ya kurudi Upanga, ndani ya bajaji, neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mimi nimeishi peke yangu sehemu kubwa ya umri wangu. Nina vyumba viwili ghorofa ya tatu, nina jiko, nina redio, na kuna siku nzima hupita bila mtu kunisemesha, nami nikalala nimeshiba na nimefurahi. Katikati ya hapo niliolewa tena, ndoa ikaisha, na hayo si ya kuandika hapa. Wala sitaeleza nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani, wanaonijua wanajua. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka ambao watu wazima wenye akili zao walikaa kikao kuamua kama mwanamke anaweza kuachwa peke yake chumbani asipatwe na jambo. Naandika nikiwa na hasira kidogo. Nimeona niseme mapema.

Chumba chenyewe kilikuwa Kariakoo, mtaa wa pili kutoka sokoni, katika nyumba ya Bi Shemsa, mjane wa Kiarabu aliyeuza udi na vitambaa vya mabuibui kwenye duka la mbele na kuishi nyuma ya duka hilo hilo, katika chumba chenye kitanda kikubwa cha samadari. Sisi wapangaji tulikuwa nyuma yake, vyumba vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, halafu uani palipokuwa na bomba, choo na majiko ya mkaa. Kuta hazikufika juu. Zilikoma chini ya kenchi za paa, na kuanzia hapo hewa ilikuwa ya wote: ukikaanga kitunguu chumba cha kwanza, chumba cha mwisho wanapiga chafya, ukigombana na mumeo, asubuhi unapewa ushauri bombani. Mchana milango ilikuwa wazi, pazia tu limeshushwa. Kufunga mlango mchana kulikuwa na maana mbili, una homa au una mwanamume asiye wako, na kwa vyote viwili watu walitaka kujua. Nyumba ile haipo tena. Pamesimama ghorofa la maduka ya simu na vipodozi, na nikipita pale huwa sisimami.

Mume wangu Rajabu alikuwa kuli bandarini. Alirudi siku moja akisema kichwa kinamgonga, na wiki haikuisha, akafa. Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu wapo waliodhani nilitaka kubaki peke yangu kwa kuwa sikumpenda, na hao walikuwa wajinga. Nilipokuwa eda wanawake wa nyumba ile hawakuniacha hata kidogo. Waliketi nami mkekani, wakachambua mchele wao hapo hapo, wakazungumza bei ya nyanya, na kila machozi yaliponijia mmoja alinifuta kwa pindo la khanga yake: "Usilie, mama. Mwachie Mungu." Sikuwahi kulia nikafika mwisho. Kilio kilikuja mpaka hapa, kooni, kikakatwa. Walifanya kwa mapenzi, najua, na mpaka leo sijawasamehe sawasawa.

Eda ilipokwisha nikaoga, nikavaa gauni la rangi, nikategemea kila mtu arudi kwake. Shangazi Mwanaidi hakurudi. Alikuwa shangazi yake Rajabu, mtu wa Lindi, na kabla ya msiba alikuwa akikaa Mbagala kwa shemeji yangu Hashimu, kaka mkubwa wa Rajabu. Hashimu ndiye aliyemleta na furushi lake. "Mtoto wa kike asilale peke yake," alisema, akashusha furushi kitandani kwangu, mambo yakaisha. Basi nikawa nalala ukingoni, Shangazi akilala upande wa ukutani, na baada ya sala ya alfajiri mazungumzo yalianza: korosho za kwao, harusi za kwao, mke wa Hashimu anavyopika wali ukawa uji. Alipika kwenye sufuria kubwa, ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, chakula cha ukoo mzima kwa watu wawili, na yeyote aliyepita koridoni aliitwa ale. Ukweli ni kwamba alipika vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Lakini nikinyamaza kidogo tu, mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Unawaza nini?"

"Siwazi kitu, Shangazi."

"Basi unamuwaza marehemu."

"Nakula."

"Mtu anayekula hawi hivyo," alisema, akanisogezea dagaa.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na kila asubuhi niliuza maandazi kwa watu wa madukani, nikatoa kodi ya chumba mwenyewe. Nia yangu ilikuwa kupata kazi katika ofisi moja maeneo ya Posta, nipokee wageni na simu. Huko walitaka Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kujibu mtihani, si cha kujibu mtu. Ndipo nikajiunga na darasa la alasiri, juu ya duka la masufuria, ngazi nyembamba na mabenchi yanayochana nguo. Mwalimu aliitwa Mapunda, kijana wa Songea, asubuhi alifanya kazi kwa wakala wa mizigo bandarini na alasiri alitufundisha na vumbi la makontena likiwa bado kwenye viatu. Wenzangu wengi walikuwa wafanyabiashara waliotaka maneno ya kufuatia mzigo Dubai na China. Kwangu darasa lile lilikuwa pia mahali ambapo hakuna aliyeniita mjane, angalau mwanzoni.

Siku moja Mwalimu Mapunda aliandika ubaoni maneno mawili, alone na lonely, akageuka akatuuliza nani anajua tofauti. Hemedi, muuza viatu wa Mtaa wa Sikukuu, hakunyoosha hata mkono. "Ticha, hiyo ni kitu kimoja, bwana. Mtu akiwa alone, lonely inamfuata tu. Labda awe mchawi." Darasa likacheka. Mwalimu akacheka pia, halafu akaeleza kwa utulivu kwamba la kwanza linasema tu kuwa hakuna mtu pamoja nawe, na la pili linasema moyo wako unamkosa mtu. "Unaweza kuwa na hili bila lile," akasema, "na lile bila hili. Mtu anaweza kuwa lonely katikati ya harusi." Nilishika kalamu nikashindwa kuandika. Si kwamba Kiswahili kimekosa namna ya kuyasema hayo; ndiyo hivi nayasema kwa Kiswahili. Lakini pale uani kwetu hakuna aliyekuwa akiyatenganisha. Mtu peke yake alikuwa mpweke, mpweke alikuwa mgonjwa, na dawa yake ilikuwa watu. Miezi yote ile nilikuwa najibu mashtaka ambayo sikuwa nimesomewa, na siku ile nikayaona yameandikwa kwa chaki, mstari umepigwa katikati yake.

Nikanyoosha mkono, nikasema sentensi yangu kwa sauti: "I want to be alone. I am not lonely." Nilisema nataka kuwa peke yangu na sina upweke wowote, na nilivyoisema nadhani hata wenye duka la chini walisikia. "Sentensi ni sahihi kabisa," akasema Mwalimu, akaendelea na mengine. Tulipotoka alinisubiri kwenye ngazi. "Pole sana, dada Somoe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nimesikia habari zako. Upweke utaisha, Mungu atakupa mwingine." Nilimwangalia mtu aliyekuwa ametoka kunifundisha tofauti ile kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema ahsante, nikashuka, na mpaka nafika Msimbazi nilikuwa nacheka peke yangu barabarani, kitu ambacho hakikunisaidia heshima yangu mtaani.

Baada ya siku ile nikaanza kusikiliza watu kwa sikio jingine. Jumapili moja nilikuwa chumbani nikipiga pasi, Shangazi na Bi Shemsa wako uani wanachambua mchicha, na sauti zao zikaja juu ya ukuta kama kawaida. Bi Shemsa alikuwa anamuuliza kwa nini harudi Mbagala, watu hawamkumbuki? Shangazi akacheka. "Kule tuko wengi mpaka wengine wanalala sebuleni, Bi Shemsa. Na siku inakwisha hakuna aliyeniuliza umeamkaje. Shikamoo wananipa, lakini wananipa huku wanapita. Nikijibu marahaba, mtu ameshafika getini." Pasi ikasimama mkononi mwangu mpaka nguo ikaanza kunuka. Nikamwonea huruma kweli. Pia nikaona, na sioni aibu kusema, kwamba kwa miezi ile yote nilikuwa natibiwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Halafu mke wa Hashimu akajifungua, Shangazi akaitwa Mbagala siku chache kusaidia. Jumamosi mchana nikaenda kona ya mtaa nikanunua chipsi mayai na kachumbari, nikarudi, nikafunga mlango, nikasukuma komeo. Nikaketi mkekani. Sikufanya kitu, na hilo ndilo nililotaka kufanya. Kwenye msumari nyuma ya mlango palikuwa na shati la kazi la Rajabu, lile lililokuwa limechakaa begani kwa kubeba magunia, na nilikuwa nimelipita kila siku bila nafasi ya kulitazama. Siku ile nililitazama. Kilio kikaja, na safari hii hakuna aliyekikata. Nililia uso ndani ya mto mpaka kikaisha chenyewe, mpaka nikabaki mwepesi, na njaa ikanishika, njaa ya kweli ambayo sikuwa nayo tangu afe. Nikafungua chipsi zangu.

"Hodi," akasema Mama Chausiku, jirani wa chumba cha pili. Nikanyamaza. Tumelelewa hivyo sote: hodi mara tatu, mwenyewe asipoitika, unaondoka na huna kinyongo. Ni haki ya aliye ndani. Lakini katika nyumba ile hodi ilikuwa imegeuka kelele ya kuingilia. Mtu alisema hodi akiwa ameshaketi kitandani kwako. "Hodi, Somoe." Nikatafuna. "Hodi!" Nikadhani sasa ataondoka. Kumbe walikuwa wamesikia kilio juu ya ukuta, halafu wakasikia kimya, na kimya ndicho kilichowatisha. "Amejidhuru!" akapiga ukelele Mama Chausiku. Nikajaza pumzi nijibu, kipande cha chipsi kikanipalia, na kabla sijamaliza kukohoa Baba Chausiku alikuwa ameingia na bega lake, komeo likaruka mpaka chini ya kitanda, na nyumba nzima ikajaa mlangoni kunitazama. Nilikuwa nimekaa mkekani, macho mekundu, kachumbari kidevuni.

"Mnataka nini?" nikauliza.

"Tulidhani umekufa!"

"Nakula."

"Sasa mbona huitiki hodi?"

"Kwa sababu sitaki mtu," nikasema. "Hodi tatu mtu hajaitika, mnaondoka. Nani kawafundisha kuvunja?"

Wapo waliotazamana. Jioni ile ile neno jini likaanza kutembea koridoni.

Kikao kikawa Ijumaa baada ya sala, chumbani kwa Bi Shemsa. Hashimu alikuja na kanzu yake, Shangazi akarudi naye kutoka Mbagala, Baba Chausiku akawakilisha wapangaji, na mimi nikaketi chini kwenye busati, kando ya kitanda cha samadari, kama mwizi. Hashimu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. "Shemeji, hatukufukuzi kwenye maisha yako," akaanza. "Lakini mtu anajifungia mchana, analia, halafu anakula chipsi? Hiyo siyo salama. Twende Mbagala. Utakaa na watoto, utachangamka." Bi Shemsa akageuza tasbihi mkononi. "Mimi nyumba yangu haijawahi kuwa na msichana anayelala peke yake. Watu watasema, Somoe, na hawatakusema wewe tu. Mwanaidi akikaa nawe, chumba ni chako. Akiondoka, na wewe uondoke." Wote wakapumua. Waliona wamenipa mlango wa heshima. Shangazi alikuwa anatabasamu, ameshalishika furushi lake tayari kuingia nalo.

"Hapana," nikasema.

Bi Shemsa akadhani sijasikia, akaanza kurudia.

"Nimesikia, bibi. Nasema hapana. Nataka kukaa peke yangu. Sina kichaa, sina jini, sina bwana. Nimemlilia Rajabu Jumamosi kwa mara ya kwanza, na nimeweza kwa sababu hamkuwepo."

"Huo ni upweke unakusemesha," akasema Hashimu kwa upole.

Upole ule ndio ulionipandisha. "Upweke sina, shemeji! Mwenye upweke yuko kwako siku zote, na hujawahi kumwona."

"Nani huyo?" akauliza Hashimu, na alikuwa hajui kweli. Shangazi akajifunika khanga vizuri kichwani. "Ni mimi, mwanangu," akasema. "Usikasirike. Chakula mnanipa, nguo mnanipa. Ila mnanipita." Akaanza kulia, taratibu, bila sauti, na Hashimu akainamisha kichwa. Nikadhani tumemaliza. Lakini akili ya watu wale ilikuwa na njia moja tu, na Hashimu akairudia papo hapo, macho yamemlainika: "Basi kumbe ndiyo vizuri zaidi akae na Somoe. Watafarijiana."

Wote wakanigeukia, Shangazi wa kwanza, machozi yako mashavuni. Ningekubali ningesifiwa mpaka leo. Ningekuwa yule mke mwema aliyemtunza shangazi wa marehemu, ningebaki na chumba, na ningekula dagaa wa nazi kila siku nikiulizwa nawaza nini. Wasomaji wangu wanawake wanalijua jambo hili: unaombwa kwa machozi kitu ambacho ungeombwa kwa nguvu ungekataa. Nikasema hapana mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Shangazi, nakupenda. Njoo tule, njoo tuzungumze, nikiitikia hodi yako. Lakini chumba changu siyo dawa yako. Kama ni lazima nitoke kwa ajili hiyo, natoka, nitatafuta kwingine, na huko pia nitafunga mlango."

Nje, dukani, mteja alikuwa anaita na hakuna aliyemjali. Mwisho Bi Shemsa akamtazama Hashimu. "Nyumbani kwako kumejaa watu, na shangazi yako huyu hana wa kumwambia neno. Halafu unakuja kwangu kutafuta mpweke?" Bi Shemsa akapiga godoro la samadari kwa kiganja. "Mwanaidi, kitanda hiki tangu mzee afe nalala upande mmoja kama mgeni. Lete furushi lako hapa. Na mimi nakosa mtu wa kugombana naye." Kisha akanigeukia mimi, na sura yake haikuwa ya huruma, jambo lililonifurahisha. "Wewe, ukifunga, funga. Lakini siku nikisikia sauti ya mwanamume humo ndani!"

"Utaisikia, bibi," nikasema. "Kuta hazifiki juu."

Hata Hashimu alicheka. Fundi akaja kesho yake akaweka komeo jipya, Baba Chausiku akiwa amesimama pembeni, bega lake bado linamuuma, akimwelekeza fundi kazi.

Alasiri moja wiki iliyofuata nilipika wali kwenye sufuria ndogo kabisa, ya kuchemshia maziwa, nikaketi mkekani nikala mlango umefungwa. Nikasikia ndara za Shangazi zikija kwenye korido, zikakoma nje. Harufu ya nazi ikapita juu ya ukuta; alikuwa ameniletea bakuli.

"Hodi."

Nilimpenda, nafasi ilikuwepo mkekani, na sikutaka mtu. Nikanyamaza.

"Hodi, Somoe."

Nikaweka kijiko chini kisigonge sahani. Nje hapakuwa na mguno wala mkono kwenye kitasa, pumzi yake tu, ya mtu anayesubiri.

"Hodi," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

Nikautazama mlango nikingoja usukumwe. Haukusukumwa. Ndara zikageuka, zikarudi taratibu kuelekea uani, na huko Mama Chausiku akauliza kwa wasiwasi, "Vipi, hayupo?"

"Yupo," akasema Shangazi. "Hataki mtu."